Kutwanga Kinorwe Machakos

Mutinda na Faith, ninyi ndio walimu mliobaki pale kituoni, na ninyi ndio mlioniomba niandike jinsi nilivyofundisha kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimestaafu juzi tu, tena si kwa kupenda kwangu, na zawadi niliyopewa ni thamosi kubwa ya kutosha harusi, mimi ninayeishi peke yangu na kunywa kikombe kimoja. Kwa hivyo niko na chai nyingi na nafasi ya kutosha ya kukasirika. Someni mkijua hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wauguzi wa kwetu kutamka Kinorwe, hasa yale maneno marefu ya kuunganishwa ambayo Wanorwe wanayapenda kama sisi tunavyopenda mikutano. Nani alipandishwa cheo, nani alilipwa vipi, hayo waulizeni wengine.

Nilianzia Katangi, kule Yatta, nikiwa msichana aliyetoka tu chuo cha uhazili. Mradi wa Wanorwe wa kuchimba visima ulitaka mpiga taipu. Injinia wao, Bwana Arne, alinipa ripoti aliyoiandika kwa mkono, kwa lugha yake. "Andika unaona," akaniambia. Nikaandika nilichoona. Herufi nilizijua na vidole vilikuwa vyepesi. Shida ilikuwa mwisho wa mstari. Taipureta zile zilikuwa na kengele. Ikilia, ujue karatasi inaisha na neno ulilo nalo lazima ulikate, uweke kistari, uendelee chini. Mimi nikakata jinsi Kiswahili kinavyokatwa na Kikamba kinavyojikata chenyewe, silabi inaishia kwenye vokali, basi. Neno lao la maji yaliyo chini ya ardhi ni grunnvann. Nikaacha gru juu, nikashusha nnvann chini, nikaona limekaa vizuri kabisa.

Ripoti ilirudi imejaa wino mwekundu. "Hapana kata hapa," Bwana Arne akasema, akigonga karatasi. "Wewe naua neno." Nikapiga upya, ikarudi tena. Nikapiga tena, ikarudi na wino zaidi. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti.

Aliyeniokoa ni mke wake, Bi Ragnhild, ambaye kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja ofisini na mkasi na katoni tupu ya sabuni. Akaandika maneno ya mradi kwenye vipande vya ile katoni, kimoja kimoja, akanipa mkasi. "Tafuta mahali maneno mawili yamefungwa pamoja, ukate hapo." Grunn ni chini, vann ni maji, mkasi unapita katikati. Regn ni mvua, vann ni maji, mkasi unapita katikati. Konsonanti ikifunga silabi, iache ifunge, usiivutie ng'ambo kwa sababu tu mdomo wako una njaa ya vokali. Nilikata katoni mpaka Bwana Arne akaniuliza kama nimeanzisha biashara. Lakini wino mwekundu ulipungua, halafu ukaisha.

Kusoma kwa sauti ndiko kulinishinda kwa muda mrefu zaidi. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukiwa macho au tukiwa usingizini. Wao neno la kuunganishwa linabeba uzito wake mkubwa mbele, kwenye lile neno la kwanza, halafu neno la pili linabaki na uzito mdogo. Halifi, lakini halipandi juu ya mwenzake. Bi Ragnhild alinieleza hayo kwa Kinorwe, kwa Kiingereza na kwa mikono, nikawa naitikia tu ili apumzike. Kisha siku moja alikuja kwetu kunisalimia, akakuta shangazi na jirani wanatwanga mahindi yatoke maganda, ya kupika muthokoi, wawili kinu kimoja. Mchi wa shangazi ulishuka kwa nguvu, wa jirani ukafuata mwepesi, hivyo hivyo, puu na pu. Bi Ragnhild akasimama mlangoni akanishika mkono. "Sikiliza! Hiyo! GRUNN-vann, GRUNN-vann!" Shangazi akaniuliza kwa Kikamba kama mzungu wa watu ana njaa. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Mradi ulipoisha wakafunga, wakapeana mikono na kila mtu, wakaenda. Nikarudi Machakos mjini nikafundisha taipu mpaka taipureta zenyewe zikaisha duniani. Bi Ragnhild aliniandikia kila Krismasi mpaka mwanawe akaniandikia yeye, nami nikajua kabla sijafungua. Nikadhani Kinorwe changu nimekizika naye. Hapo ndipo kituo kikafunguliwa, ghorofa ya tatu juu ya lile duka la vifaa vya ujenzi, kuandaa wauguzi waende kufanya kazi kwenye nyumba za wazee huko Norwe. Mama aliyekianzisha alizunguka mji mzima akiuliza kama kuna mtu anayeijua lugha hiyo. Watu wakamcheka, halafu mmoja akakumbuka kuwa kuna mwanamke wa Mumbuni anayejisomea barua ngeni kwa sauti, ndiye mimi.

Siku yangu ya kwanza darasani nilipandisha ngazi na kinu. Walinzi walinisaidia, wakidhani ni kitu cha jikoni. Nikaweka kinu katikati ya darasa, michi miwili, mahindi kidogo ndani ili mti usilie kwenye mti, nikawasimamisha wawili wawili. Sykehus, hospitali. Mchi wa kwanza unashuka kwenye SY kwa nguvu, wa pili unashuka kwenye hus taratibu, na ke inapita katikati bila kuguswa. Rullestol, kiti cha magurudumu. RUL, halafu stol. Wanaume walinisumbua sana. "Madam, mama yangu akiniona nikitwanga atalia," mmoja akaniambia. Nikamwambia atalia zaidi ukikosa kazi, shika mchi. Mwenye duka la chini alituma ujumbe kuuliza kama tunauza unga, na kama tunauza, mbona dari yake inamwaga vumbi na hapelekewi hata kilo moja.

Mambo mengine madogo mtayahitaji, kwa hivyo nayaweka hapa. Msianze na kitabu, anzeni na mkasi. Mtu asiyeona kiungo cha neno hawezi kujua uzito unakaa wapi. Blodtrykk, shinikizo la damu, itatoka vinywani mwao kama bulodi-tiriki, nanyi msicheke, kwa sababu mtakuwa mnamcheka bibi yenu. Mwambieni mtu afunge BLOD kwa ulimi, ashike pumzi, ndipo aende upande wa pili. Kuna maneno ya kigeni ndani ya lugha yao pia yenye uzito mwishoni, kama tablett, kidonge. Lakini kidonge cha usingizi ni sovetablett, na hapo uzito unahamia kwenye SO, tablett inainamisha kichwa. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini, mwambie hata kwao wanaofika nyuma hawakai kiti cha mbele.

Na kulikuwa na sheria moja. Mama aliyeanzisha kituo aliiweka, mimi nikaishika. Hakuna aendaye kwenye mtihani wa kuongea mpaka maneno yake yaanguke sawa kwenye kinu na nje ya kinu. Wengi walininung'unikia. Mtu ana pasipoti, ana sanduku, wazazi wameshaomba kanisani, na kuna mwanamke mmoja wa Mumbuni anasema bado. Nilisema bado. Huko wanakokwenda wanamhudumia mzee asiyesikia vizuri, aliyesahau nusu ya mambo. Mzee kama huyo hasikii kila herufi. Anadaka ule uzito, kisha anabahatisha sehemu iliyobaki. Ukiuhamisha uzito, amepotea, na mtu aliyepotea kitandani mwake anaogopa. Hilo sikulisoma popote, aliniambia Bi Ragnhild kuhusu mama yake mwenyewe.

Sasa Ndunge. Mutinda, wewe ulimwona kwa siku chache tu. Alitoka upande wa Masii, muuguzi wa zahanati ya serikali, kazi ya kudumu, akaiacha ili aje kwetu. Mkono kama wake kwa mgonjwa sijauona tena. Nilipougua mgongo alinigeuza kitandani kama vile sina uzito wowote. Darasani aliniita Madam, nje ya darasa aliniita mwaitu, mama yangu, na mimi nilipenda kuitwa hivyo. Lakini ulimi! Asi! Sy-KE-hus. Ru-LE-stol. Anatwanga, anatokwa na jasho, na uzito unaanguka nyuma kila mara. Kila aliponiuliza nilimwambia bado, naye akakaa chini bila kununa.

Wakati huo ndipo kituo kikakabidhiwa Meneja Wambua, kijana wa Syokimau, wa suti za kubana. "Sasa Madam," akanisalimu, mimi niliye na umri wa mama yake. Nikamjibu salama, kama mtu mzima. Siku hiyo hiyo aliona kinu. "Hapa tunafundisha lugha ama tunapika muthokoi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani ni mzaha. Kufikia wiki iliyofuata kinu kilikuwa kwenye stoo ya chini, michi imefungwa kamba, na wanafunzi wamepewa programu ya simu na majibu ya kukariri. Alikuwa amegundua kuwa mtihani wa kuongea unazungusha mada zile zile: familia yangu, kazi yangu, hali ya hewa. Anayekariri vizuri anapita. Na kweli wanapita, mimi sikatai.

Nilimfuata ofisini. "Ndunge hayuko tayari," nikamwambia.

"Madam, watu wanangoja viza na wewe uko na mchi."

"Atapita mtihani, halafu wazee hawatamwelewa."

"Akipita, yuko tayari. Mtihani ndio unaamua, si wewe."

Ndunge akaenda, akapita. Alinipigia magoti kwenye ngazi akishukuru, nikashindwa kumwambia ninachofikiri. Nilimwombea safari njema. Nilikuwa na hofu, naandika hivyo wazi, nilikuwa na hofu kama ya mtu anayeona mtoto anavuka barabara kubwa.

Alipiga simu baada ya wiki chache, hata salamu hakutoa. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye nyumba ile ya wazee, Bi Inger, ambaye kila Ndunge akiingia chumbani alivuta blanketi mpaka kidevuni. Ndunge anamwambia kiti cha magurudumu kimefika, bibi anamtazama, anaanza kulia, anaita mtu mwingine. "Mwaitu, ananiogopa," akasema. "Mimi! Nimeosha watu maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniogopa." Wafanyakazi wenzake wakaanza kumsemesha Kiingereza, kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilimmaliza. Muda wa majaribio ulipoisha hawakumwongezea. Msimamizi wa nyumba, mama mwenye roho nzuri, alimwambia jambo moja wakati wa kuagana: nafasi yake ataiacha wazi mpaka theluji iishe, na Ndunge akiweza kuongea wazee wakamwelewa, apige simu ya video ajaribiwe tena. Mara moja tu.

Akarudi. Zahanati ilikuwa imeshaajiri mtu mwingine. Akapata kibarua Athi River, kiwanda cha nguo kule kwenye viwanda vya kuuza nje, anakunja suruali. Muuguzi yule, mikono ile, inakunja suruali! Kama simu ile ingemshinda, uuguzi wake ungekuwa umeishia hapo, na yeye alijua.

Kituoni Meneja aliitisha mkutano. Nyote wawili mlikuwepo, na nyote wawili mliangalia meza, siwalaumu sana. Alisema mwanafunzi wetu amerudishwa kwa sababu ya matamshi, na matamshi ni idara ya Madam Kavata, yaani mimi. Nilingoja mtu amkumbushe kinu kiko wapi. Nikangoja. Nikasimama nikasema mwenyewe, akanijibu kwa upole kabisa kwamba miaka yangu imefika na kituo kinanishukuru. Kisha ikaja thamosi. Ule upole sitausahau. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kinu nilikinunua upya sokoni, cha kwangu, nikakiweka uani Mumbuni. Ndunge alikuja kila alipopata siku ya kupumzika, anatoka Athi River na vumbi la vitambaa kwenye nywele. Tulitwanga mahindi ya kweli, tukala muthokoi, tukawapelekea majirani muthokoi, mpaka jirani mmoja akasema kwa heshima kwamba watoto wake sasa wanataka ugali. Na bado, ru-LE-stol. Tarehe za theluji zilikuwa zinakwenda. Kuna jioni niliutupa mchi chini nikapaza sauti: "Wewe unasikia nini ukitwanga?"

Akasema taratibu, "Nakusikia wewe, mwaitu, halafu naingia."

Hapo nikakaa kwenye kigoda. Ndunge ni kitinda mimba. Kwao, kama kwetu, anayeanzisha pigo ni mkubwa, mdogo anaingia nyuma. Maisha yake yote alikuwa ametwanga na dada zake, yeye wa pili, na kwa kuwa walimwambia hana nguvu, pigo lake la pili alilikaza kuliko la kwanza ili waone hajachoka. Sasa kila neno lilipokuja aliacha sehemu ya mbele impite, kwa adabu, kisha akaangukia ile ya nyuma kwa nguvu zake zote. Miezi yote ile nilikuwa nasimama mbele yake nikianza mimi, kwa sababu mimi ni mkubwa. Hata pale darasani, kila aliyesimama naye alianza kabla yake.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Aiya! Siwezi kuanza mbele yako."

"Mimi ndiye nakuamuru. Anza, mimi nikufuate."

Aliinua mchi, akaushusha. Akaomba msamaha. Nikamwambia akiomba tena msamaha namfukuza. Jioni ile tulitwanga mpaka mabega yakawaka moto, yeye mbele, mimi nyuma, na kabla hajaondoka alitamka rullestol mara moja vizuri, akashika mdomo wake kama aliyemwaga kitu. Kutoka hapo maneno yalianza kuja, moja moja, SY-kehus, BLOD-trykk, hata smertestillende, dawa ya maumivu, neno refu kama foleni ya benki.

Simu ya video aliipigia kwangu, sebuleni, amevaa sare aliyorudi nayo. Nilikaa pembeni nisionekane. Msimamizi alimsalimu, wakaongea kidogo, kisha hakumuuliza swali lolote la mtihani. Alitembea na simu mpaka chumba fulani, akaigeuza, nikamwona bibi mwenye nywele nyeupe amekaa kando ya kitanda. Ni Bi Inger. Nikaanza kuomba kwa Kikamba ndani ya moyo. Kisha Ndunge akasema, polepole, "Skal vi hente rullestolen?" Tulete kiti cha magurudumu? Uzito ulianguka mbele, pale pale. Bibi alitega sikio. Akatabasamu, akasema, "Ja, takk," akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

Nililia, sina haja ya kuficha. Ndunge alilia, msimamizi alilia kule kwao. Kazi akapata. Lakini karatasi za kurudi zilipitia kituoni, kwa sababu wao ndio wenye mkataba na ile nyumba ya wazee, na Meneja Wambua alizishughulikia haraka sana, akitabasamu.

Mwezi uliopita, Faith, wewe ndiye uliyenitumia ile video. Sijui kama ulifanya vizuri. Ni tangazo la kituo. Ndunge amesimama nje ya ile nyumba ya wazee, theluji nyuma yake, anaongea Kinorwe chote mwanzo mpaka mwisho, na maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Anasema alifika kituoni akiwa hajui kitu. Anasema sasa wazee wote wanamwelewa. Anaushukuru uongozi wa kituo, na kwa jina anamshukuru Bwana Wambua na mbinu zake za kisasa. Halafu mnaonyeshwa simu yenye ile programu.

Nilimpigia. Alijua kwa nini nimepiga. "Mwaitu, waliniandikia maneno," akasema. "Karatasi zangu ziko kwao. Ningefanya nini?" Nikamwambia nimeelewa, na nimeelewa kweli, ningekuwa yeye ningesoma vivyo hivyo. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamuuliza kule kuna baridi kiasi gani.

Sijamsamehe. Nimekaa na hasira hiyo hapa mezani, na sioni dalili ya kuondoka kwake. Jana niliifungua tena ile video, nikaongeza sauti, nikaisikiliza neno kwa neno nikitafuta mahali amekosea, hata silabi moja, ili niwe na kitu cha kumwambia. Sikupata.